Nahar Apa na Vichwa Vilivyojaza Ukumbi

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika hifadhi yetu ya filamu hapa Dhaka, Bi Nurunnahar Talukdar, ambaye sote tunamwita Nahar Apa, yaani Dada Nahar, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike wasifu wa furaha. Nitajitahidi, ingawa kazi yake ya kuandika vichwa vya mihadhara nimeachiwa mimi.

Aliajiriwa mwaka 1991 kufuta kutu kwenye makopo ya filamu. Mwaka wa tatu akatumwa kuandika tangazo la mhadhara wa Alhamisi kwenye ubao wa langoni. Mhadhiri alikuwa na kichwa chake, kirefu kama treni ya mizigo, kuhusu changamoto na mustakabali wa uhifadhi. Wiki iliyotangulia walikuja watu saba, wawili kati yao wakikimbia mvua. Mhadhara wenyewe ulihusu filamu iliyopotea mkanda wake wa mwisho. Nahar Apa akafuta ubao kwa ncha ya sari, akaandika: "Nani Alibaki na Mwisho?"

Ukumbi ulijaa. Mstari wa nyuma akasimama mama kutoka Mymensingh, mjane wa mwenye sinema, amebeba kopo lililofungwa kwa lungi, kikoi cha marehemu.

"Mwisho ninao mimi," alisema. "Mbona siku zote hamkuuliza?"

Filamu kumi na moja zimekamilika kwa njia hiyo, kwa watu waliosoma ubao wakakumbuka kilichoko uvunguni kwao.

Kila kichwa alikijaribu kwa mwendesha rikisha aliyemtoa kwake Mogbazar asubuhi. Bwana yule akigeuza shingo na kuuliza, "Halafu ikawaje?", kimepita. Akiuliza, "Nikushushe wapi?", kimekufa. Mimi nimejaribu siku tisa. Siku zote tisa nimeulizwa nashukia wapi, na mmoja akaongeza, "Bhai, ndugu yangu, una homa?"

Hata yeye aliwahi kuteleza. "Busu Lililokatwa" liliwaleta wanafunzi wa chuo hadi wakaning'inia madirishani, kumbe profesa alikuja kuzungumzia gundi ya kuunganishia filamu, tena kwa saa mbili. Viti viwili vilivunjika. Mkurugenzi alipomwita, hakujitetea.

"Kosa langu, bwana. Nimewaalika watu biriani, nikawapa maji ya mchele."

Tangu siku hiyo hakuandika kichwa bila kwanza kuutazama mkanda mwenyewe hadi mwisho, hata ukinuka namna gani.

Sasa niseme linaloninyima raha. Wakubwa wanautaka ukumbi wetu uwe ghala la samani. Wametamka kwamba mhadhara ukikosa watu hamsini, hata mara moja, Alhamisi zetu zimekwisha. Zikiisha, wenye makopo hawatasikia tena tukiuliza, na mikanda itaoza huko huko iliko. Mhadhara wa kwanza bila yeye ni Alhamisi, tarehe 4 Julai. Naogopa, na sioni aibu kusema.

Nilimwomba aniachie angalau vichwa kumi vya akiba. Alicheka mpaka tambuu ikampalia.

"Kichwa cha akiba ni chai ya jana, mdogo wangu. Nani atakunywa?"

Basi nikamsihi aje Alhamisi hiyo, angalau tupate mtu mmoja wa uhakika.

"Kwa huruma siji," akasema. "Kichwa kikinivuta, utaniona. Kisiponivuta, nina nguo za kufua."

Nahar Apa, wenzako wote wa chumba cha makopo, wa maktaba na wa mashine tunakushukuru. Umetufundisha kwamba filamu isiyoitiwa watu imekufa hata kama mkanda wake ni mzima. Tunakutakia mapumziko yenye afya, wajukuu watiifu, na samaki wa ilish wanono msimu huu wa mvua. Ishi vyema, dada yetu.

Kuhusu Alhamisi: nimeutazama mkanda hadi mwisho, machozi yakinitoka kwa harufu ya siki ya filamu inayooza. Uso wa mwigizaji umeliwa wote, limebaki doa jeupe, na doa hilo linaimba. Ubaoni nimeandika: "Sura Imefutika, Sauti Bado Inaita." Saa kumi na moja jioni. Hizo nguo, Apa, tafadhali zifue Jumatano.