Bi Mbona na Somo la Maji Meupe

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu na wanafunzi wa zamani, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye karibu nyote mlimwita Bi Mbona, jina alilobandikwa na wanafunzi kwa sababu ya swali lisilomtoka mdomoni, na mwenyewe akalipenda kuliko lile la kwenye cheti.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mpiga chapa na mama mshona nguo, na mama alisimulia hadi uzeeni kwamba binti huyo, akiwa na miaka sita, alifungua cherehani ili aone uzi wa chini unakutanaje na wa juu, kufungua akaweza, kurudishia ndiko kukawa shughuli.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari ya wasichana 1972 hadi 1975, kisha chuo cha ualimu, na tarehe 16 Januari 1978 akaanza kufundisha sayansi katika shule ambayo hakuihama mpaka alipostaafu. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi saa, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, mtu mpole aliyezoea kukuta saa za wateja zimeshafunguliwa na mkewe, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1983, wa pili 1986, na kitinda mimba 1990.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisirukwe. Somo alilojivunia kuliko yote lilikuwa la kuchuja maji, kila mwaka alitoboa ndoo chini, akapanga kokoto, mchanga na mkaa, akamimina maji ya mto yenye tope, yakatoka meupe, akajaza glasi na kuinywa yote mbele ya darasa huku wanafunzi wakipiga makofi, na kwa miaka kumi na saba aliwaambia kwamba maji yakishakuwa meupe namna ile hayana neno.

Agosti 1995 idara ya elimu ilianza kuwapeleka walimu wa sayansi, wakati wa likizo, kwenye viwanda, karakana na maabara, wakaone yale wanayoyaandika ubaoni yanavyofanywa na wenye kazi zao, naye akapangiwa wiki mbili kwenye mitambo ya maji ya mji. Alibeba ndoo yake, na tuseme ukweli, alikwenda kuringa nayo. Mpimaji wa maji wa pale, mama mmoja wa maneno machache, hakubishana naye, alichukua maji yaliyotoka kwenye ile ndoo, akayatia kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, akakifungia ndani ya kabati la joto, akamwambia arudi kesho. Kesho yake kisahani kilikuwa kimejaa madoa kama upele, akaelezwa kwamba kila doa limeanzia kwa kijidudu kilichopita kwenye mchanga wake bila hata kupiga hodi. Dada akauliza mbona yeye hajawahi kuugua, akajibiwa kwamba hiyo ni bahati, na bahati haifundishwi.

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya jikoni bila kuvua viatu, akamwambia mumewe kwamba kuna watu zaidi ya elfu moja wanaokunywa maji kwa neno lake. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimshauri alirekebishe somo kimyakimya, yaliyopita si ndwele, naye akajibu kwamba ndwele hii bado inanywewa. Akaomba madaftari ya mahudhurio stoo, akanakili majina 1,306, akaanza kuwatafuta, kwa miguu, kwa barua, baadaye kwa simu, akimtia alama kila aliyempata, na alianza na sisi wadogo zake, akatutobolea ndoo zetu za kuchujia matundu mengine ubavuni ili tusizitumie tena.

Wengine walicheka, wengine hata somo hawakulikumbuka, lakini mwaka 1998 mama mmoja wa watoto wawili alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba watoto wake walikuwa watatu. Dada hakuweza kula siku mbili. Yule mama hakumtukana, alimtengea kiti, na tangu hapo wakawa wanafuatana kuwatafuta wengine, naye yupo leo, amekaa na wafiwa.

Ziara zile za walimu viwandani hakuziacha, aliomba kuziratibu, na hadi alipostaafu Machi 2018 aliwapeleka walimu kwenye kiwanda cha sabuni, mitambo ya simu, maabara ya hospitali na karakana ya lifti, kwa sharti moja tu, kila mmoja aende na somo analojivunia na kulikabidhi kwa mwenye kazi alipime. Mwalimu wa fizikia alirudi kutoka kwenye lifti amenywea, na anakiri mwenyewe kwamba ndiyo siku aliyoanza kufundisha.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku ya kwanza tu alimuuliza muuguzi maji ya mashine ile yanatoka wapi na nani anayapima, ikabidi aitwe fundi. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 64, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, yule fundi wa mashine aliyemjibu kila swali, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na mpimaji wa maji, ambaye amestaafu lakini amefika.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na majina 214 yasiyo na alama. Kwa hao ameandika hivi, nami nasoma kama yalivyo: “Kama nilikufundisha kati ya 1978 na 1995, nilikosea. Kuchuja kunaondoa tope, hakuondoi vijidudu. Chemsha maji au yatie dawa, hata yakiwa meupe. Na uliyemfundisha wewe, mwambie.”

Dada, pumzika kwa amani, waliobaki tutawatafuta sisi.