Kocha Titus Maundu na Mashine Zake za Kukata Nyasi

Mchungaji, wazee wetu, Mkuu wa Chuo, jamaa na marafiki, poleni kwa safari na poleni kwa msiba.

Wasifu huu unasomwa na Kimanzi, ndugu yake Kalunde, mjane wa marehemu. Wengi wenu mnamjua Kimanzi kama mhasibu wa Chuo cha Ufundi Ivumbuni, yule anayekaa nyuma ya kidirisha chenye nondo akisema hakuna pesa. Marehemu aliagiza asomewe na yeye, si mtu mwingine. Alisema, "Miaka ishirini na mbili amenikatalia. Wacha siku moja asimame mbele ya watu anisifu, na asilipwe posho." Agizo la marehemu halikataliwi. Na kwa kuwa marehemu hakuwahi kumwita shemejiye kwa jina, hata siku ya Krismasi, humu pia ataitwa mhasibu.

Titus Maundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 karibu na soko la Wamunyu, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ngui, mchongaji, na marehemu mama Nthenya. Mzee alitaka kumrithisha patasi. Bahati mbaya, kila mnyama aliyechongwa na Titus alionekana anakimbia. Swara si neno, lakini kiboko? Kiboko mmoja alikaa dukani miaka minne akikimbia, hakuna mtalii aliyemtaka. Mwishowe mzee akamwambia, "Enda shule, kijana. Hii mbao unaiumiza bure."

Akaenda Shule ya Msingi Kithuluni kuanzia 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya kutwa hadi 1983. Shule ilikuwa kilomita tisa kutoka nyumbani, na Titus alizikimbia asubuhi na jioni kwa sababu alikuwa mtu wa kuchelewa kuamka. Mwaka 1982 alishinda mita mia nane za wilaya bila viatu. Zawadi ilikuwa viatu, na havikumtosha. Mwaka 1987 alihitimu ualimu, akafundisha shule za msingi za Mwala kwa miaka kumi na mitano.

Alifunga ndoa na Kalunde tarehe 11 Desemba 1993. Bwana harusi alikuwa na saa yake ya kupimia mbio mfukoni, na bibi harusi alipofika mbele ya kanisa alimnong'oneza, "Umechelewa dakika arobaini na saba." Kalunde akamjibu, mchungaji akisikia, "Na bado ni mimi nimeshinda." Mungu aliwajalia watoto wawili, Wavinya na Masila. Ilikuwa ndoa nzuri. Mhasibu aliitazama kwa karibu akitafuta kasoro, hakuipata.

Januari 2003 marehemu aliajiriwa Ivumbuni kuwa mwalimu wa michezo. Ukweli usemwe: chuo hakikuwa na michezo. Kilikuwa na mpira mmoja usio na pumzi na uwanja wenye nyasi za kufika magotini. Kocha akaanzisha timu ya wasichana ya mbio za kupokezana. Vijiti alivichonga mwenyewe kwa mti wa mpingo, vizito, na msichana aliyekiangusha kimoja kwenye kidole cha mguu hakukiangusha tena maishani. Kila muhula alikuja dirishani kuomba nauli na viatu, na kila muhula mhasibu alimwonyesha kitabu cha bajeti. Riadha haikuwa na fungu. Fungu lililokuwepo ni la mashine ya kukata nyasi.

"Kwa hivyo pesa iko," akasema Kocha.

"Iko ya mashine," akasema mhasibu.

"Basi nipe ya mashine."

Huo ulikuwa mwaka 2014. Baada ya wiki moja Kocha alileta risiti ya shilingi elfu kumi na nane, mashine tatu za kukata nyasi. Mhasibu alikuwa ameandikiwa na duka moja la mjini bei ya elfu arobaini na sita kwa mashine moja. Alifurahi jamani, alifurahi hata hakuuliza. Akatia sahihi, akaandika mashine tatu kwenye daftari la mali ya chuo, na jioni hiyo akajisifu kwa mkewe. Lau angeshuka hadi uwanjani angewaona: mbuzi jike wawili na beberu mmoja, wanakata.

Miaka miwili ikapita. Nyasi zikawa fupi, na timu ikaanza kupata nauli, mhasibu asijue zinatoka wapi. Ndipo akaja mkaguzi wa hesabu, mama mmoja asiyecheka, akataka kuona mali ya chuo kwa macho. Kocha akapiga mluzi. Wakaja kumi na mmoja.

"Daftari linasema tatu," akasema mkaguzi.

"Tatu ni zile kubwa," akasema Kocha.

"Na hizi nane?"

"Hizo ni faida, mama."

Aka! Mhasibu alishika ukuta. Mkuu wa Chuo wa wakati huo akaanza kutaja barua za kufukuza kazi, na alitaja mbili. Mkaguzi akauangalia uwanja kutoka goli hadi goli, akawaangalia mbuzi, halafu akaandika mstari mmoja kwenye ripoti: nyasi zimekatwa vizuri. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini mhasibu hakumsemesha shemejiye kwa miezi saba, na leo anakiri mbele ya kaburi hili kwamba ilikuwa ni aibu tu, si haki.

Tangu hapo timu iliishi kwa mbuzi. Wanambuzi walienda sokoni, viatu vikarudi. Ukame wa 2022 ulibakisha watatu, na Kocha aliwalisha majani ya ndizi aliyoyabeba mwenyewe mgongoni. Yeye hakuwahi kuonja hata supu ya mbuzi hao. Alisema mtu hali nauli ya mtoto.

Mwishoni mwa mwaka 2023 figo zake zilianza kukataa kazi. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na wauguzi wa wodi hiyo wako hapa leo, tunawashukuru. Aliwapima wote kwa saa yake kutoka mlangoni hadi kitandani. Mmoja alipunguza sekunde sita ndani ya mwezi, na Kocha akawa anamuuliza kama amewahi kufikiria mita mia nne.

Juni mwaka huu wasichana wake walishinda mkoani, na kwa mara ya kwanza tangu timu ianzishwe, Ivumbuni ikapata nafasi ya fainali za taifa za vyuo, kule Nyeri. Gharama ilikuwa shilingi elfu themanini na nne. Kocha akiwa kitandani alimwambia mhasibu, "Shemeji, uza mbuzi wote. Hii ndiyo walikuwa wanangojea." Mhasibu akasema atatazama vitabu kwanza. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia, na yanamuuma. Kocha Maundu alifariki Jumatano tarehe 9 Julai 2025, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Muuguzi aliikuta saa yake ya mbio mkononi ikiwa bado inahesabu.

Sasa jamaa, msikize vizuri, maana wengine wenu mmekuwa mkitazama upande wa jikoni tangu asubuhi.

Mbuzi walikuwa kumi na wawili. Siku ya pili ya matanga, mzee Muli, ami yake marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alisema wachinjwe wageni wale. Siku hiyo hiyo ikaja barua ya chuo: mbuzi ni mali ya chuo kwa mujibu wa daftari, warudishwe kwa ajili ya mahafali. Yaani huku wanaliwa na huku wanaliwa, na wasichana wangebaki nyumbani.

"Kocha mzima azikwe na muthokoi, mahindi ya kukoboa bila nyama?" mzee Muli aliuliza. "Tutachekwa mpaka Lukenya!"

Mutheu, nahodha wa timu, alikuwa akichambua maharagwe pale. Akainuka, akasema, "Umau, babu yangu, hakuna shida. Mchinje tu. Tutakimbia mwaka ujao." Lakini Mutheu yuko muhula wa mwisho na kila mtu pale alilijua hilo. Akarudi kwenye maharagwe akilia.

Kalunde aliinuka kwenye mkeka. Akamgeukia ami. "Mume wangu hakuonja hizi mbuzi akiwa hai. Nyinyi mtazila mbele ya jeneza lake?"

Mzee Muli akasema basi, wasichinjwe. Kisha wote wakamtazama mhasibu, kwa sababu ya ile barua.

Mhasibu alienda ofisini, akafungua daftari. Kwa kanuni za chuo, kanuni alizoziandika yeye mwenyewe, mashine ya kukata nyasi huchakaa kabisa kwa miaka minane. Hizi tatu zilinunuliwa 2014, na zile za faida hazikuwahi kuandikwa. Thamani yake vitabuni ni sufuri, na kitu cha thamani sufuri mhasibu anaruhusiwa kukitoa bila kumwuliza mtu. Akazifuta kwa wino mwekundu, akaandika: zimekabidhiwa timu ya riadha. Mkuu wa Chuo yuko hapa mstari wa mbele, na ndiyo kwanza anasikia. Pole, Mkuu. Vitabu viko sawa.

Jumanne tarehe 15 mbuzi wote walichukuliwa na mnunuzi kutoka Athi River kwa shilingi elfu themanini na saba. Kwa hivyo leo, wageni wapendwa, chakula ni muthokoi. Mzee Muli mwenyewe ndiye atakayepakua, na ameomba mtu asimtazame vibaya.

Marehemu ameacha mjane, Kalunde. Watoto, Wavinya na Masila. Mjukuu mmoja, Nzisa. Ami, mzee Muli. Na shemeji, Kimanzi, aliyempenda na akachelewa kumwambia. Ameacha pia wakimbiaji wanne na mmoja wa akiba, wale waliovaa sare za kijani hapo nyuma. Basi lao linaondoka kesho alfajiri, na limelipiwa kwenda na kurudi.

Bwana ampe Kocha pumziko lenye amani. Wasichana wanakimbia Jumamosi, saa nne asubuhi, njia ya tatu.