Msomaji wa Nusu Aya

Bwana asifiwe. Asanteni kwa kuitikia. Sasa tukae, na ngoma ipumzike kidogo, maana nililo nalo leo si la kupigiwa vigelegele. Mimi ni seremala, nakaa Soweto West kule Kibera. Naona wengine wenu mnanitazama mkijiuliza sauti hii mliisikia wapi. Mliisikia uwanjani, nikisoma.

Mnaikumbuka ile mihadhara. Vyama vingi viliporudi, viwanja vilifunguka, kila mtu akawa na la kusema, hata sisi watu wa dini. Wakristo meza yetu huku, Waislamu meza yao kule, spika zinaangaliana, na watu wamejaa katikati. Kila upande ulikuwa na mwalimu wa kuzungumza na msomaji wa kusoma. Mwalimu hashiki kitabu. Akitaka aya anapaza sauti, "Soma!" na msomaji anasoma. Akiinua mkono, msomaji ananyamaza hapo hapo, hata kama maneno hayajaisha. Halafu mwalimu anawageukia watu: "Mmesikia?" Nao wanajibu, "Tumesikia!"

Mimi nilikuwa msomaji wa upande wetu. Na ndugu zangu, nilikuwa hodari, sitajishusha kwa uongo. Nilikuwa na kadi nilizokata kwenye maboksi, kila kadi aya moja, nyingine za Biblia na nyingine za Kurani kwa Kiswahili. Mahali pa kunyamaza nimepiga mstari mwekundu. Kitabu chenyewe cha Waislamu sikuwa nacho na sikukitafuta. Mwalimu alinipa aya, nikaziandika, nikazikariri, basi. Baada ya ule mstari mwekundu kadi ilikuwa tupu.

Msomaji wa upande wa pili alikuwa fundi cherehani, Mnubi, mzaliwa wa Kibera na baba yake mzaliwa wa Kibera. Hatukuwa maadui. Tukikutana njiani aliniita "Fundi," nami nikamwita "Fundi." Siku moja aliniambia, "Wewe sauti yako ilikuwa ya kuadhini, imepotea njia tu." Tulicheka sana. Lakini mkutano ukianza, tulikuwa tunararuana.

Siku ninayotaka kuwaambia, mada ilikuwa ni dini gani iliyoleta upanga. Yeye alitangulia. Alisoma pale Yesu anaposema hakuja kuleta amani bali upanga, mwalimu wake akainua mkono, watu wao wakashangilia. Mwalimu wetu akapandwa na hasira, akaniambia, "Soma!" Nikasoma ile ya Kurani inayoamuru kuua, nikaisoma kwa nguvu zangu zote. Mkono ukainuliwa. Nikanyamaza. "Mmesikia?" Nawaambia, siku hiyo jibu la watu wetu lilinitisha hata mimi.

Mkutano ulipokwisha nilibaki nikikunja nyaya za spika. Nikasikia kelele upande wa vichochoro, nikaenda kutazama. Vijana wetu walikuwa wamemzunguka yule fundi, mmoja ana nondo. Na huku wakimpiga walikuwa wanaitaja ile aya. Waliitaja neno kwa neno, wakakatiza pale pale nilipokatiza mimi. Fundi aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na nondo ikaushukia ule mkono.

Mtaniuliza, na wewe ulifanya nini? Nilisimama. Kwa sauti hii yote niliyopewa na Mungu, nilishindwa kusema "Mwacheni." Ni mama mmoja muuza omena, vile vidagaa vya ziwani, kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo aliyejitupa katikati yao na beseni lake, akiwafokea kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, "Huyu ni mtoto wa mtu! Mnaua mtoto wa mtu!" mpaka wakatawanyika.

Mimi nilirudi kumalizia nyaya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tangu siku hiyo nilianguka. Karakana niliifunga, nikasema nina malaria. Malaria gani hiyo inayotibiwa na pombe ya chang'aa? Watoto wakicheza kwa sauti nawafukuza. Nikifungua Biblia, macho yanaona maneno lakini koo halitoi kitu. Nilijiambia si mimi niliyeshika nondo, na nilikuwa najidanganya, na nilijua najidanganya.

Wiki ya nne au ya tano, mke wangu alinisimamia kitandani. "Baba, hii si malaria. Kama una neno na mtu, nenda kwa huyo mtu. Mimi nimechoka kuishi na gogo."

Nikasema, "Wakinikata je?"

"Basi tutakuzika ukiwa umeenda. Amka, uoge. Twende wote."

Tulibeba sukari na majani ya chai. Mama yake fundi alitupokea kwa adabu yao, akatuketisha. Fundi mwenyewe alikuwa kwenye mkeka, mkono una plasta mpaka juu ya kiwiko. Hakuniangalia.

"Umekuja kunisomea?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Fundi."

"Msamaha wa nini? Ulinipiga wewe?"

Nikamweleza nilichosikia wale vijana wakisema, na kwamba nilikuwepo, na kwamba nilisimama tu. Akamwambia mama yake alete Kurani, ile yenye tafsiri ya Kiswahili. Mama akaleta kitabu, lakini kwanza akaniletea maji ninawe. Nilinawa huku nimeona haya, maana kadi zangu nilizishika miaka miwili kwa mikono yenye gundi.

"Kadi yako inaanzia wapi?" akauliza fundi. Nikamwonyesha. "Anza juu ya hapo."

Nikaanza juu ya hapo. Kulikuwa na maneno kwamba wapigane na wale wanaowapiga, na wasivuke mpaka. Nikaendelea mpaka mahali pangu pa kunyamaza, nikanyamaza. Si kwamba nilitaka. Sauti ilikuwa imezoea.

"Mbona umenyamaza? Endelea."

Nikaendelea. Kumbe mbele yake kulikuwa na maneno kwamba wakiacha kupigana, basi, Mungu ni mwenye kusamehe. Ndugu zangu, nililia. Maneno hayo yalikuwa hapo siku zote, mistari michache tu chini ya kadi yangu.

Fundi naye hakujitoa lawamani. Alisema, "Na ile yenu ya upanga, mimi nimeisoma mara ngapi? Inayofuata inasema habari ya mtu na watu wa nyumbani kwake, watakaogombana kwa ajili ya imani. Niliijua. Mwalimu akiinua mkono, nilinyamaza kama wewe." Nikamshika mkono wa kushoto, nikasema nimeelewa. Akauvuta. "Hapa ndani sisi tunayajua haya. Nenda kasome pale uliponyamazia."

Mkutano uliofuata ulikuwa hapa hapa Kawangware, nyuma ya soko. Waliokuwepo mnajua. Mwalimu alisema "Soma!" nikasoma, ila nilianzia juu, maana sasa nilikuwa nimeikariri yote. Akanitazama. Nilipofika penye mstari mwekundu akainua mkono, nami nikaendelea. Akainua mikono yote miwili. Nikaendelea. Akaninyang'anya maikrofoni, nami nikasoma kwa sauti ya tumbo. Watu wetu wakaanza kupiga kelele kwamba nimenunuliwa, jiwe likanipata begani. Mama mmoja muuza mboga za sukuma wiki akapanda juu ya kreti: "Mwacheni amalize! Kwani mnaogopa nini, si ni kusoma tu?"

Nikamaliza. Kisha nikafungua Biblia yangu, nikasoma na ile ya upanga, pamoja na inayofuata. Mkutano ulivunjika bila mshindi, na mimi nikafukuzwa kwenye kundi siku hiyo hiyo. Makanisa mawili yaliyokuwa yakinipa kazi ya mabenchi yaliacha kunijua.

Habari zilifika Kibera kabla yangu. Baada ya siku chache fundi alikuja karakana. Hakusema lolote juu ya mkutano. Alisema plasta imetolewa, vidole viwili havifanyi kazi, na anataka meza ya cherehani itakayomfaa mtu wa mkono wa kushoto. Tulihangaika na meza hiyo wiki nzima, yeye anakaa, anajaribu, ananiambia shusha hapa, ongeza hapo. Leo anashona, polepole. Hajaniambia amenisamehe, na sijamuuliza. Sare za shule za binti zangu anazishona yeye.

Namshukuru mke wangu aliyenitoa kitandani. Nawashukuru wale akina mama wawili, wa omena na wa sukuma wiki, waliofanya kazi ya wanaume wakati wanaume tumekauka. Namshukuru mama wa fundi, aliyenipa maji ya kunawa akiwa na sababu zote za kunifukuza. Na ninyi nawaombeni neno moja. Mtu akiwasomea aya ya damu, iwe ya kwao au ya kwetu, msijibu haraka kwamba mmesikia. Mwambieni aanzie juu, na asome mpaka chini. Fundi yule ana vidole viwili vilivyokufa. Aliyevipiga alishika nondo, lakini aliyempa maneno ya kupigia ndiye huyu amesimama mbele yenu.