Pampu Mbili za Masalu Luhende

Wasifu huu umesomwa na shemeji yake, Selina Shimba, kwa idhini ya mjane.

Masalu Luhende alizaliwa Kisesa tarehe 14 Aprili 1959, mvulana pekee kati ya dada watano, na nyumba nzima ilimdekeza. Alisoma hapo hapo Kisesa, kisha akajifunza ufundi wa majokofu mjini Mwanza. Walimu walimsifu kwa kusikiliza mashine. Kusikiliza watu hakufundishwa, naye hakujishughulisha.

Tangu 1984 hadi alipostaafu mwaka 2019 alitunza vyumba vya baridi katika kiwanda cha minofu ya sangara, Ilemela. Tarehe 6 Oktoba 1990 alimwoa Teodora Shimba. Walijaliwa binti mmoja, Kija.

Baada ya kustaafu alijenga bahari sebuleni kwake Pasiansi. Ziwa lote liko pale chini, lakini yeye alitaka maji ya chumvi na matumbawe hai, yaliyoletwa kwa ndege kutoka Dar. Tenki la samaki lilichukua nafasi ya kochi. Wageni wakakalia viti vya jikoni. Kutwa alihamisha pampu mbili, moja kushoto na moja kulia, zitazamane ili maji yagongane katikati, yasilipige tumbawe usoni wala kuacha kona iliyotulia ambako uchafu hujikusanya. "Maji yakisimama, hawa wanakosa hewa," aliwaambia wageni, na hapo uso wake ulikuwa mpole kweli. Teodora aliupenda uso ule. Alitamani siku moja ugeukie upande wake.

Umeme ulipokuwa ukikatika, pampu ziliendeshwa na betri kubwa yenye tundu moja tu la umeme. Siku moja Kija alichomoa waya wa pampu kwenye betri hiyo apige pasi nguo ya kwendea usaili, akasahau kuurudisha. Matumbawe mawili yakafa. "Shikamoo baba," alisema aliporudi. Marehemu hakuitikia. Alitoa begi la bintiye nje ya geti, kisha akamwambia mkewe: "Waya huu hauguswi na mtu mpaka mimi mwenyewe niseme. Umesikia?" Teodora alisikia. Kija akahamia Mirongo, na kwa miaka mitatu mama yake alimwona kanisani tu.

Mwaka jana mapafu ya marehemu yalianza kushindwa, akaletewa nyumbani mashine ya oksijeni. Alilazwa sebuleni, mahali alipochagua mwenyewe, mbele ya tenki.

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, mchana, umeme ulikatika. Mashine ya oksijeni ikazimika. Pampu zikaendelea. Kija alipopigiwa simu alipiga kelele: "Mama, chomoa ya samaki, chomeka ya baba!"

"Ngoja nimuulize mwenyewe," Teodora akajibu.

Akamwinamia. "Baba Kija, nichomoe?" Mdomo wa marehemu ulifunguka na kufumbika bila sauti. Teodora akauliza tena, kwa adabu ileile aliyozoeshwa, mkono wake ukiwa juu ya waya. Akasubiri aseme. Hakusema.

Pasiansi wameanza kunong'ona. Familia inajibu hivi: mjane alitii, kama alivyotii tangu 1990.

Marehemu ameacha mjane, dada watano na binti yake Kija, ambaye amerudi nyumbani na begi lake. Ameacha pia samaki tisa na matumbawe yote, wazima.

Lala, Masalu. Hakuna atakayekugusa mpaka wewe mwenyewe useme.