Barakoa Iliyotiwa Bitana

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu? Cherehani inanguruma, siku—

Dada: Dada yako. Hebu izime.

Fundi: Shikamoo, dada.

Dada: Marahaba. Mkeo yuko kwangu tangu juzi, analala mchana kutwa kama mtoto mchanga. Umemfanya nini?

Fundi: Kukoroma tu. Mwenzio ndiye mgonjwa: dawa tatu nameza, presha imekaa juu kama mwenye nyumba.

Dada: Na ile mashine ya kupuliza hewa usingizini?

Fundi: Barakoa yake inavuja, inanipigia filimbi puani. Daktari yuko tayari kunipa kifaa cha mdomoni, kinachovuta taya mbele. Kasema mashine inafungua koo zaidi, ila hicho watu hukivumilia usiku mzima, kwa hiyo presha huweza kushuka karibu sawa.

Dada: Kinashika wapi?

Fundi: Kwenye meno.

Dada: Meno yapi?

Fundi: Dada—

Dada: Ya juu si yanalala kwenye glasi? Daktari anajua?

Fundi: Aliuliza kama ni mazima. Nikasema mazima. Kwani yamevunjika?

Dada: Makubwa. Kibogoyo mwenye maringo. Na barakoa ilianza kuvuja lini?

Fundi: Mpira wake unawasha... nikautia bitana.

Dada: Ukautia nini?

Fundi: Satini. Nimeshona kwa mkono, mshono huuoni.

Dada: Hewa imeuona.

Fundi: Haloo? Mtandao unakata—

Dada: Haukati, usinikimbie. Unajua wifi amekuja kwa nini?

Fundi: Kelele.

Dada: Kelele kaolewa nazo. Ukinyamaza ndipo anaamka. Anakuwekea mkono kifuani, anangoja. Kimya. Anangoja tena. Usiku wa kuamkia juzi mpaka akakuzaba kofi, ukavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani. Asubuhi ulimwambia nini?

Fundi: Asubuhi ipi?

Dada: Nakuuliza.

Fundi: Nilimgombeza. Kwamba ananikatizia usingizi.

Dada: Ehe.

Fundi: Naitoa satini, dada. Sasa hivi.

Dada: Na matundu ya sindano utayatoa? Nenda kaombe barakoa nyingine. Na mdomo uufungue, daktari aone.

Fundi: Nitakwenda. Nipe niongee naye.

Dada: Amelala.

Fundi: Mwamshe kidogo tu.

Dada: Simwamshi. Hapa hana pumzi ya mtu ya kulinda, mwache alale. Salio lina—