Baba Jenifer na Kitabu cha Kifaransa

Benchi letu limetazamana na mashine ya kukoboa mpunga, barabara ya kwenda Lumemo, na upepo ukigeuka pumba zinatua mpaka kwenye vikombe. Kahawa anauza Edna, mama ambaye hakopeshi wala hanyamazi. Jioni ile tulikuwepo mimi, Fredy wa bodaboda tunayemwita Kona, na mzee Melkiori, mstaafu wa reli tunayemwita Bunge kwa sababu kwake kila kitu ni hoja. Mara akavuka barabara Leodegar mwenyewe, mwenye mashine, ndiyo maana tunamwita Kinu. Alikuwa amekumbatia kiroba. Akakaa nacho magotini, hakusalimia mtu.

— Vipi, Kinu? Umeme umekatika? — Fredy akauliza.

— Mke wangu ana mwanamume.

Edna akaacha kumimina.

— Mama Jenifer? — nikasema. — Mwalimu Theodosia? Acha hizo bwana.

— Yumo kwenye kitabu.

Tukashusha pumzi. Lakini Leodegar hakuwa anatania, macho yalikuwa mekundu. Mkewe alifundisha Kifaransa sekondari mpaka akastaafu. Miaka yote hiyo ilikuwa vitenzi na mitihani tu. Alipostaafu, mwanafunzi wake wa zamani akamletea riwaya ya kizamani ya Kifaransa, ngumu, nene kama tofali, naye akaamua kuisoma polepole, kwa raha zake.

— Alianza tunapanda mpunga — Leodegar akasema. — Tumevuna, hajafika hata katikati! Namwambia, mama, kimbiza umalize. Ananijibu, haraka ya nini? Anasoma mstari mmoja, anafumba macho, anaurudia. Anaumung'unya kama pipi. Mimi nimekaa pale pale, nimeoga, nimevaa shati safi!

— Na anacheka? — akauliza Edna.

— Anacheka peke yake. Juzi kalia kabisa. Nikamuuliza, nani kafa? Akasema, hajafa mtu, kachelewa tu.

— Kachelewa wapi?

— Nitajuaje?

Mzee Melkiori akaweka kikombe chini. Tukajua hoja inakuja.

— Kifaransa ni lugha ya mabalozi. Huyo mama anajiandaa. Siku moja utasikia kapangiwa kituo Paris, wewe umebaki na mashine yako.

— Kastaafu, Bunge! — nikasema.

— Ndio hao wanaotafutwa. Hawana haraka.

— Siyo hivyo — Fredy akaingilia. — Mimi kanifundisha mwalimu yule, namjua. Nakwambia humo ndani kuna jamaa ana kofia na farasi, halafu hakoromi. Wewe Kinu unakoroma mpaka Mchombe wanasikia. Utashindana naye vipi?

— Mimi naona mwandishi bado yuko hai — akasema Edna. — Anaandika kule, mwalimu anasoma huku. Ndiyo maana hakiishi! Akisikia mama amefika mwisho, anaongeza.

Hata mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja niliamini.

Leodegar akakaza kiroba magotini.

— Miaka yote ya ndoa hajawahi kunitazama hivyo, jamani. Vile anavyotazama ukurasa. Hata nilipokuwa kijana.

Hapo hakuna aliyecheka. Leodegar akafungua kiroba, akachimbua ndani ya pumba, akatoa kitabu.

— Nimekichukua leo mchana, mama akiwa kwenye sala za jumuiya. Kona, wewe una abiria wa Mlimba kesho. Mpelekee mdogo wangu akifiche.

— Mimi? Cha mwalimu? — Fredy akarudi nyuma. — Sikibebi.

Melkiori akakipokea, akakifungua kwa mbwembwe kama anasoma bajeti. Kipande cha kitenge kilichokuwa katikati ya kurasa kikaponyoka, upepo ukakibeba hadi mtaroni.

— Alama yake hiyo! — nikasema. — Rudisha!

— Nirudishe wapi? Kurasa zote zinafanana.

Ndipo Edna akakohoa. Mwalimu Theodosia alikuwa anakuja upande wa kanisani, taratibu, mkoba begani. Melkiori akamrudishia Leodegar kitabu magotini haraka kama kinachoma.

— Shikamoo mwalimu — Fredy akasema, amesimama wima kama yuko mstarini.

— Marahaba, Fredy. Hamjambo?

Akakiona. Nilitegemea kelele. Yeye akakichukua, akapuliza pumba kwenye jalada, akapitisha kidole kwenye kurasa kutafuta kitenge chake. Akatutazama mmoja mmoja, mwisho akamtazama mumewe.

— Baba Jenifer, ulitaka kukipeleka wapi?

— Mlimba — Leodegar akajibu, sauti ndogo. — Nimechoka kusubiri zamu yangu, mama. Yule bwana wa humo nimemchoka.

Mwalimu akakaa kwenye benchi, kati ya mumewe na mimi. Akaweka kitabu mapajani. Nilidhani atalia.

— Kila jioni nikifunga kitabu nakusimulia — akasema. — Kila jioni. Nilifikiri tunakisoma wote wawili. Wewe unaitikia, "ehee, ehee."

— Nakusikia.

— Haya. Alama imepotea. Niambie basi, jana tuliishia wapi?

Leodegar akatazama mashine yake. Akamtazama Melkiori, Melkiori akatazama mawingu. Fredy akavaa kofia ngumu, na abiria hakuna.

— Tuliishia pale... — Leodegar akaanza. — Pale yule bwana alipo... alipochelewa.

— Bwana yupi?

Edna akamwekea mwalimu kikombe, akakiinamishia birika. Likatoa matone mawili, halafu masimbi ya kahawa.