Danson Mwakio na Watu Tisa wa Ijumaa

Ikifika tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Mzee Danson Mwakio atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita ya kuendesha gari na kubeba mafaili ya ofisi moja ya mawakili: tisa ya kwanza Jeddah, kumi na saba iliyofuata hapa Olaya, Riyadh. Siku hiyohiyo anastaafu, na juma linalofuata anapanda ndege kurudi kwao Wundanyi. Mimi Lois, katibu wa Umoja wetu wa Wakenya, nimepewa kazi ya kumuaga katika jarida hili. Aliyenipa kazi hii amesahau kwamba nimebishana na mtu huyu Ijumaa baada ya Ijumaa kwa miaka kumi na mmoja, au pengine anakumbuka vizuri sana.

Danson hakuwa wakili, wala hakuwahi kujifanya wakili. Alikuwa dereva aliyesubiri nje ya mahakama akiwasikiliza wakubwa wake wakizungumza wanapotoka, na aliyoyaokota pale alituletea sisi. Wanachama wapya waelewe: mambo ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, na ya ikama, kibali cha kuishi, yanapelekwa kwenye ofisi zinazohusika. Ila wanachama wawili wakikosana wao kwa wao, shauri lao husikilizwa na watu tisa ambao majina yao huchotwa Ijumaa asubuhi kutoka kwenye sufuria kubwa ya kupikia wali wa kabsa. Anaweza kutoka mlinzi, yaya au fundi wa AC. Kila upande hupewa msemaji, kisha wale tisa huingia jikoni kuamua.

Danson ndiye aliyeuanzisha utaratibu huo, kule Jeddah. Siku ya kwanza alisimama mbele ya tisa wake mwezi wa Agosti, feni imeharibika, naye amevaa suti nzito na tai. Alizungumza saa nzima. Wawili walisinzia, na wa tatu akaenda kumletea maji kwa kuhofia ataanguka. Tangu hapo suti haikuonekana tena.

Sheria yake aliyoipenda kuliko zote ni hii: kabla hujajitetea, eleza kwanza hoja ya mwenzako, na usiendelee mpaka mwenzako aseme, "Halas, umesema sawa." Mwaka juzi sheria hiyo ilimpiga mwenyewe. Elphas alikuwa anakwenda nyumbani likizo na, kama ilivyo desturi yetu, akabeba sanduku la Velma. Kwenye mizani ya uwanja wa ndege wa hapa Riyadh mzigo ukazidi. Elphas akatoa sandukuni gauni la harusi la dada wa Velma, akabakiza blenda yake mwenyewe. Danson alikuwa msemaji wa Velma. Akaanza kwa kueleza masaibu ya Elphas: foleni nyuma yake, mhudumu anamwambia yalla yalla, afanye haraka, simu ya Velma haipatikani. Alieleza vizuri mno hadi mama mmoja akatoa kitambaa. Mimi niliyemtetea Elphas nilisema halas, nikakaa, nikashinda kwa kura zote tisa. Krismasi ile Velma alimpelekea chapati kila mtu isipokuwa msemaji wake. Danson alinipongeza kwa kunishika mkono na hakutafuta kisingizio chochote.

Sasa nifike Machi mwaka huu, tulipokaribia kuwapoteza wale tisa kabisa. Mwenyekiti wetu, Norman, alipendekeza waondolewe. Ijumaa ni fupi, alisema, kuwakusanya watu kutoka mitaa ya mbali kama Malaz na Dirah ni shida, na mwenyekiti anaweza kuamua kwa simu kwa dakika kumi. Wengi waliitikia kwa kichwa. Danson aliomba jambo moja tu: uamuzi huo nao utolewe na watu tisa. Norman akakubali.

Majina yakachotwa, na wawili kati ya tisa wakawa wanaishi nyumba moja na Norman. Nilitaka kupinga. Danson akanikataza, sufuria ilikuwa imeshaamua. Akasimama, akaeleza hoja ya Norman vizuri kiasi kwamba Norman alisema halas huku anacheka. Kisha, kana kwamba hilo halikutosha, akasahihisha kosa lake mwenyewe: aliwahi kuwaambia wanachama kwamba shauri la Velma lilichukua Ijumaa moja, kumbe zilikuwa tatu. Nilitamani kumvuta shati akae chini.

Mlango wa jikoni haufungi vizuri kwa sababu ya friji, kwa hiyo tulisikia. Damaris, anayefanya kazi za ndani Malaz na ambaye hajawahi kufungua kinywa mkutanoni, alisema: "Mimi kwa madam siulizwi kitu. Naambiwa yalla, naambiwa mafi, hakuna. Hii Ijumaa ndiyo mtu ameniuliza, Damaris, wewe waonaje? Sasa mnataka hata hiyo itolewe?" Walipotoka, kura zilikuwa nane kwa moja, utaratibu wa watu tisa ubaki. Nililia mbele ya watu, na wala sioni haya kuandika. Norman naye aliomba jina lake liingizwe kwenye sufuria, maana hadi siku hiyo wenyeviti walikuwa hawachotwi.

Nafasi ya Danson ya usemaji ameiomba Damaris mwenyewe, naye Ijumaa ya kwanza Mzee akishaondoka atasimama dhidi yangu. Nimeshaanza kujiandaa, na kwa muda mrefu sijafurahi namna hii.

Mzee Danson, asante kwa kutufundisha kushindana bila kudharauliana. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu ya bosi, na majirani wanaogombana mara mojamoja ili usichoke kukaa bure. Nenda salama kwa watu wako. Sisi huku bado tunaulizwa.